Kabla Hujamwambia Mgonjwa "Jikaze"

Assalaam alaykum, ndugu zetu. Na wale wa kanisani, Bwana asifiwe. Wazee wetu, akina mama, wahudumu wa afya wa vijiji, na zaidi ya wote nyinyi mlio kwenye matibabu, mliotoka kitandani kuja kukaa kwenye viti hivi vigumu: karibuni sana Bombo yetu hii ya Uganda. Mikeka ipo pale ukutani kwa anayetaka kujinyoosha. Anayetaka kutoka nje atoke, asiombe ruhusa kwa mtu.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kuwa na moyo wa matumaini kwa mtu ambaye kansa yake imeshasambaa, na bado anapokea matibabu. Tutafika huko. Lakini tutaanza na chupa hii iliyo hapa mezani, yenye maji ya kijani kama yale ya morfini, dawa kali ya maumivu, na sirinji hii isiyo na sindano. Kwa miaka tuliyouguza wagonjwa majumbani, hivi viwili vimerudisha furaha kwenye nyumba nyingi kuliko hotuba yoyote.

Fikirini mtu asiyelala usiku wa tatu mfululizo kwa maumivu ya nyonga. Hajapata choo siku sita. Mdomo umejaa vidonda, hata chai ya vuguvugu inamchoma. Anaingia jirani, anakaa, anasema, "Jikaze, usikate tamaa, ukiwaza mabaya ugonjwa unazidi." Jirani huyo ana nia njema. Lakini imani ya mgonjwa haina kasoro. Dawa zake ndizo hazijakaa sawa. Dawa zikikaa sawa, siku mbili tatu baadaye utamkuta mtu huyo huyo anauliza mahindi yameota vipi shambani.

Hilo la "ukiwaza mabaya ugonjwa unazidi" tulimalize kwanza, maana linaumiza watu. Huzuni hailishi uvimbe. Mwaka 2001 kulichapishwa utafiti wa Kanada uliofuata wanawake 235 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Baadhi yao waliwekwa kwenye vikundi vya kukutana kila wiki na kusemezana yaliyo moyoni. Vikundi havikuwaongezea siku za kuishi. Walichopata ni kupungua kwa dhiki ya moyo, hasa wale waliokuwa na dhiki kubwa tangu mwanzo, na maumivu kuwa mepesi. Hiyo ni faida kubwa, inatosha kabisa kuwa sababu ya kukutana. Lakini mgonjwa ambaye kipimo chake kimerudi kibaya asiambiwe na mtu yeyote, awe shangazi au mchungaji au shehe, kwamba ni kwa sababu hakuwa na furaha ya kutosha. Analia leo? Na alie. Machozi hayajawahi kusambaza kansa.

Kuna utafiti mwingine, wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Wote walipata matibabu ya kawaida ya kansa, ila kundi moja liliongezewa tangu mwanzo huduma shufaa, ile ambayo wengi hapa tunaiita hospisi: watu wa kushughulikia maumivu, usingizi, choo, hofu, na mazungumzo ya nyumbani. Katika kundi hilo sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ilikuwa pungufu, na nusu yao waliishi miezi 11.6 au zaidi, wakati kwa wenzao nusu waliishi miezi 8.9 au zaidi. Kwa hiyo ukisikia daktari anasema "nakuandikia hospisi pia," usidhani amekutupa. Unaendelea na kemo yako, yaani dawa za kupambana na kansa, unaendelea na mionzi yako, na wakati huo huo una watu wanaolinda siku zako zisiwe za mateso.

Sasa chupa.

Uganda ina heshima yake katika jambo hili, na vijana waijue. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala, na kazi yake kubwa ilikuwa morfini ya kunywa, iliyotengenezwa kwa unga wa morfini, maji, kihifadhi na rangi. Mwaka 1998 huduma ikafika Mbarara na Hoima. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma shufaa waruhusiwe kuandika morfini, maana ukingoja daktari katika kila kijiji utangoja mpaka mgonjwa azikwe. Nchi nyingi zenye pesa kuliko sisi zilikuja kujifunza hapa.

Rangi zina maana. Ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5. Ya waridi ina miligramu 50 katika mililita hizo hizo. Ya bluu ina 100. Yaani kijiko kile kile, kikijazwa ya waridi, kimebeba dozi mara kumi. Ndiyo maana tunasema: soma karatasi ya chupa kila mara, usiazime chupa ya jirani, na usipime kwa kijiko cha jikoni, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani hata katika nyumba moja. Pima kwa sirinji.

Morfini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kisha maumivu yanarudi. Kwa hiyo hunywewa kwa saa, wala haingojwi maumivu yaanze. Ratiba ni hii: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Ile ya saa nne usiku huwa maradufu, ili usiamshwe kunywa dozi ya saa nane za usiku. Anayeanza mara nyingi hupewa miligramu 2.5 hadi 5 kwa dozi, wazee na wenye figo dhaifu wakianzia chini. Maumivu yakitoboa katikati ya saa hizo, kuna dozi ya ziada, kwa kawaida sawa na ile ya kila saa nne. Uinywe, halafu uiandike kwenye daftari: saa ngapi, mililita ngapi, maumivu yalikuwa wapi. Muuguzi akija anahesabu dozi za ziada za jana na leo, anajua kiasi cha kuongeza. Bila daftari anakisia, na anayekisia huogopa kuongeza.

Kosa tunalolikuta nyumba baada ya nyumba ni kuiweka akiba. Mgonjwa anavumilia toka asubuhi, anasema "nitainywa yakizidi." Yakishazidi, dozi ndogo haiyashiki tena, anasema dawa haifanyi kazi, na siku imekwisha akiwa amejikunja ukutani. Kosa la pili ni hofu ya jina. Wako wanaosema morfini ni dawa ya kufia. Wako wanaoinywa huku wanalima, wanauza duka, wanafundisha. Mtu mwenye maumivu ya kansa anayeinywa kama alivyoandikiwa ni nadra sana kuwa mraibu. Ila mwili huizoea, kwa hiyo haikatwi ghafla. Maumivu yakipungua baada ya mionzi, muuguzi anaishusha polepole.

Siku tatu za kwanza tarajia usingizi mwingi, na kichefuchefu kinaweza kukaa mpaka siku ya tano. Mara nyingi mtu hulala kwa sababu alikuwa na deni la usingizi la wiki nyingi. Lakini mgonjwa akiwa haamshiki vizuri, na pumzi zinakuja taratibu kupita kawaida, usimpe dozi inayofuata. Piga simu kwa muuguzi au mpeleke hospitali mara moja.

Na choo! Kichefuchefu kitapita, usingizi utapita, lakini kufunga choo hakutapita kamwe maadamu unakunywa morfini. Aliyeandikiwa morfini bila dawa ya choo, asaidiwe kurudi kuuliza. Kwa kawaida ni kidonge kimoja au viwili vya bisakodili vya miligramu 5 usiku, kila siku, hata kama leo umepata. Dawa hizo zikikosekana kijijini, wauguzi wa hospisi hapa kwetu hutumia mbegu za papai zilizokaushwa. Muulize wako kiasi. Siku tatu bila choo ni za kuripoti. Tunalisema hili hadharani, mbele ya wazee, kwa sababu wengi wamekata tamaa ya maisha, na chanzo cha ile tamaa kukatika kilikuwa tumbo lililojaa.

Sasa kemo. Dawa nyingi za kemo hurudiwa kila siku 21, na siku hizo 21 hazifanani. Hapa ndipo mgonjwa anapoweza kupanga furaha yake badala ya kuingoja. Chukua kalenda ya ukutani, hata ile ya bure ya duka la simu. Siku ya dripu ni siku ya 1. Siku za 1 mpaka 5 zipake rangi moja: ni za kichefuchefu na uchovu. Usipange mgeni, usipange kikao cha ukoo. Dawa ya kuzuia kutapika inywe kabla ya kutapika, kwa saa ulizoandikiwa, sawa na morfini. Siku za 7 mpaka 14 zipake rangi ya hatari, maana chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huwa chini kabisa. Siku hizo usiende kwenye msongamano, wa soko wala wa msiba. Mwambie mwenye mafua akusalimie akiwa mlangoni. Na wiki ya tatu ipake rangi unayoipenda, kwa sababu hiyo ni yako. Harusi ya mpwa, safari ya kwenda kumwona mama Luweero, kikao cha shamba, kusuka nywele za binti, vyote viingie wiki ya tatu. Ikiwa tarehe ya dripu inagongana na jambo kubwa la maisha yako, kama binti kuolewa, muulize daktari wiki kadhaa kabla. Mara nyingi kusogeza siku chache kunawezekana. Kutotokea tu bila kusema ndiko kunakoharibu.

Kalenda hiyo ina faida nyingine. Siku ya 3 unapolala huku umegeukia ukuta, unasema moyoni "nimekwisha," mtoto anaweza kukuonyesha kwamba mzunguko uliopita pia siku ya 3 ulisema hivyo hivyo, na siku ya 16 ulikuwa unachambua maharage kibarazani.

Katika zile siku za hatari, kipimajoto ndicho kinachoamua. Nyuzi 38 au zaidi: hospitali, usiku huo huo, mvua inyeshe isinyeshe. Usimeze Panadol kwanza ili "uone kama itashuka," kwa sababu itashusha joto na kuyaacha maambukizi ya vijidudu yanaenea damuni. Usikubali kuambiwa ni malaria tu bila damu yako kupimwa. Sema neno "kemo" kabla ya kusema jina lako, toa kadi yako. Kutoka hapa Bombo mpaka Taasisi ya Saratani pale Mulago, unashuka Wandegeya na kuchukua boda boda. Kwa hiyo nauli ya dharura ikae kwenye bahasha, na dereva mmoja ajulikane, namba yake iandikwe kwenye hiyo hiyo kalenda.

Dharura nyingine haisubiri, hasa kwa wenye saratani ya matiti au tezi dume: maumivu mapya ya mgongo yanayofuatwa na miguu kulegea, ganzi, au mkojo kuziba. Uvimbe unaweza kuwa unabana uti wa mgongo. Akifika hospitali angali anatembea, ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Akichelewa siku mbili kwa kusuguliwa na mafuta, miguu hiyo huenda isirudi.

Mdomo: nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu cha baking soda kwenye bilauri kubwa ya maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, sukutua na kutema mara nne au zaidi kwa siku. Mswaki laini. Pilipili na ndimu vikae pembeni mpaka vidonda vipone. Chakula kiwe kidogo kidogo mara sita, badala ya sahani moja ya matoke inayomtisha hata kwa kuitazama. Uji wa ulezi uliotiwa unga wa karanga au wa mukene, yaani dagaa, hubeba nguvu nyingi kwenye kikombe kidogo. Na tafadhali, asilazimishwe. Akina mama, tunajua chakula ndiyo lugha yetu ya kupenda, na sahani inayorudi imejaa inatukata maini. Lakini kansa iliyoendelea yenyewe huondoa njaa, na kumgombeza mgonjwa kunamfanya auogope mlango wa jikoni. Dawa za mitishamba mlizoletewa zitajeni kwa daktari bila aibu. Baadhi hugombana na kemo, nyingine huumiza ini na figo zinazohitajika kuisafisha hiyo kemo.

Sasa jambo ambalo watu hulinong'ona. Kidonda cha titi kinachotoa harufu, au uchafu unaotoka kwa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Tumewakuta wagonjwa wamehamishiwa chumba cha nyuma, wanakula peke yao, wajukuu wamekatazwa kuingia. Unamwambiaje mtu huyo awe na furaha? Harufu hiyo inatoka kwa vijidudu, na vijidudu vina dawa. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe. Bandeji iliyoganda iloweshe kwa maji hayo mpaka iachie yenyewe. Ukiivuta utatoa damu. Osha polepole. Saga vidonge vya metronidazole viwe unga laini, nyunyiza juu ya kidonda, funika kwa kitambaa safi cha pamba. Kanga kuukuu iliyofuliwa, ikaanikwa juani na kupigwa pasi inafaa kabisa. Rudia kila siku. Kwa wengi harufu hupungua sana ndani ya siku chache. Kwa yule mwenye saratani ya mlango wa kizazi, muuguzi atamweleza faraghani namna dawa hiyo hiyo inavyotumika. Damu ikitoka nyingi isiyokoma, hiyo ni safari ya hospitali.

Haya yote yakishatulia, bado moyo unaweza kuwa mzito, na hapo tutofautishe. Kuhuzunika kwa sababu una ugonjwa mkubwa ni akili timamu. Huzuni ya namna hiyo huja na kuondoka. Mjukuu akiingia unacheka. Sonona ni nyingine. Wiki mbili nzima, karibu kutwa, hakuna kinachokuvutia hata maumivu yakiwa yametulia. Unajiona mzigo, unajilaumu, unatamani usiamke. Huo ni ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, una tiba ya mazungumzo na ya vidonge, na vidonge hivyo huchukua wiki kadhaa kushika, kwa hiyo sema mapema. Na wewe unayeuguza, ukimsikia mgonjwa anasema anataka kufa, usimkatize kwa "usiseme hivyo." Muulize: "Ni maumivu, au kuna jambo lingine?" Kisha nyamaza ungoje jibu.

Wageni nao tuwaombe. Badala ya "jikaze," njoo na swali dogo: "Leo una nguvu za kuongea au nikae tu?" Badala ya "niambie ukihitaji chochote," sema "Jumatano nakuja kuchota maji." Usilete habari za fulani aliyekufa kwa kansa kama yako. Dakika ishirini zinatosha. Na kwa wanaotaka kumwombea, mwombeeni, tena kwa sauti anayoipenda. Ila dua isimtake aache dawa. Ndugu zetu Waislamu, Ramadhani ikifika, mgonjwa amepewa ruhusa na Qur'ani yenyewe asifunge. Msimwache peke yake na aibu ya kunywa morfini saa nane mchana. Shehe wetu yupo hapa, atawaeleza habari ya fidia, yaani kulisha maskini badala ya kufunga.

Tumaini halikai mahali pamoja. Mwanzoni mtu anatumaini kupona kabisa. Vipimo vikibadilika, analisogeza: aone mtihani wa darasa la saba wa mwanawe, amalizie kuezeka, alale usiku mzima, apatane na ndugu yake. Hakudanganyika mwanzoni wala hajakata tamaa sasa. Kwa hiyo kila wiki andika kwenye lile daftari jambo moja linaloweza kutokea wiki hii, na nani atasaidia. "Kukaa nje jioni, Musa abebe kiti." Likitokea, tia alama.

Na yale mengine makubwa, usia, karatasi za kibanja, nani atakaa na watoto, namba ya siri ya mobile money, yafanywe kwenye wiki ya tatu, mchana, mkiwa na chai. Watu huogopa kwamba kuyataja ni kukaribisha kifo. Tunachokiona ni kwamba mwenye kuyamaliza hulala vizuri zaidi, na hayo yakishatoka kichwani mazungumzo yanarudi kuwa ya mpira na ya jirani. Akina mama wa Uganda walioishi na virusi vya UKIMWI miaka ya 1990, kabla dawa hazijawafikia, walieneza kazi nzuri ya vitabu vya kumbukumbu: daftari la kila mtoto, lenye habari ya kuzaliwa kwake, majina ya mababu, alichopenda kula akiwa mdogo. Anayeweza aandike kurasa mbili. Asiyeweza kushika kalamu, mtoto arekodi sauti yake kwenye simu akisimulia.

Tumeongea sana, na wengine wenu saa nane inakaribia. Wenye dozi wanywe sasa hivi, msione haya, maji yako pale dirishani. Wanaouguza, njooni mbele wawili wawili. Haya yaliyo kwenye chupa ni maji ya rangi tu. Kila mmoja ashike sirinji, avute mpaka mstari wa 5, aitazame usawa wa jicho, apige kwa kidole mpaka povu litoke, kisha amwonyeshe muuguzi kabla ya kumpa mwenzake.